Seva inaposema "Degraded": diski ipi itoke kwanza?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ndiye ninayeangalia kompyuta katika SACCOS yetu mkoani, ingawa nilisomea uhasibu. Tuna seva moja ya kwenye raki, ina miaka mitano, diski nne za SATA za TB 4 kila moja zilizopangwa RAID 5, yaani zinafanya kazi pamoja kama diski moja. Wiki iliyopita taa ya mbele ilitoka bluu ikawa ya chungwa. Nimeingia kwenye ukurasa wa usimamizi nikakuta: 'Virtual disk degraded', 'Drive 1 failed', 'Drive 3 predictive failure', 'Correctable memory error rate exceeded' kwenye RAM ya sloti A3, betri ya kontrola (kadi inayoziongoza diski) 'failed', na 'Power supply redundancy lost' imejirudia mara nyingi. Mfumo wa mikopo umekuwa mzito tangu mwezi uliopita. Fundi mmoja ameniambia mashine imekwisha, tununue mpya. Mwingine amesema nichomoe diski inayowakawaka, yaani namba 3 (namba 1 taa zake zimezimika kabisa), niweke mpya, kisha nizime na kuwasha. Seva bado inafanya kazi. Nimwamini nani? Na hizi diski ziliandikwa zinadumu saa milioni moja na laki mbili, mbona moja imekufa mapema hivi?"*

Ndugu yangu, kabla ya yote: usiichomoe diski namba 3. Hiyo inayowakawaka bado inafanya kazi, na kwa hali ilivyo leo ni mojawapo ya diski tatu zinazoshikilia hesabu zote za wanachama wenu. Ukiitoa, hapo ndipo seva itakapokufa kweli. Wala usizime na kuwasha, si leo. Mengine yote yanaweza kungoja dakika utakazotumia kusoma hapa.

Mafundi wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa njia yake. Wa kwanza ameona maneno mengi akadhani wingi wake ndio ukubwa wa tatizo. Wa pili ameifuata taa badala ya kusoma maandishi. Wala huhitaji kuwa injinia ili kuwapita hapo. Maneno ya seva, hata yawe mengi namna gani, karibu yote yanasema moja kati ya mambo matatu: kitu kimekufa, kitu kinaelekea kufa, au kitu ni kizima ila akiba yake imeondoka. "Failed" ni la kwanza. "Predictive failure" ni la pili. "Degraded" na "redundancy lost" ni la tatu. Ukilikuta tangazo lolote jekundu, jiulize kwanza liko fungu gani kati ya hayo matatu, ndipo uulize linahusu kifaa kipi. Orodha yako ikipangwa hivyo, vilivyokufa ni viwili tu, diski namba 1 na betri ya kontrola, na vyote viwili hubadilishwa bila kununua seva.

Inasaidia pia kujua ni nani anayesema. Ukurasa ulioingia hauendeshwi na Windows wala Linux. Juu ya mazabodi ya seva kuna kompyuta ndogo inayojitegemea, ambayo Dell wanaiita iDRAC, HPE wanaiita iLO na Lenovo wanaiita XClarity Controller. Hiyo inakesha hata seva ikiwa imezimwa, mradi waya wa umeme umechomekwa, na kazi yake ni kusoma vipima joto, feni, pawa saplai na RAM, kisha kuandika logi, yaani daftari la matukio. Habari za diski huzipata kwa kontrola ya RAID, na kontrola nayo huzipata kwa diski zenyewe. Kwa hiyo tukio moja linaweza kutangazwa mara mbili: diski namba 1 ilipokufa, kontrola iliandika "Drive 1 failed", na papo hapo ikaandika "Virtual disk degraded". Wewe umesoma matatizo mawili. Ni moja.

Jambo dogo linalowapoteza wengi: saa ya logi hiyo mara nyingi imewekwa kwa majira ya UTC, yaani saa tatu nyuma ya sisi wa Afrika Mashariki. Tukio la saa nane usiku wa kuamkia Jumatano litaandikwa 23:00, tena kwa tarehe ya Jumanne. Angalia saa ya ukurasa huo kisha ulinganishe na simu yako kabla hujaanza kuoanisha matukio. Tutalihitaji hilo tukifika kwenye pawa saplai.

Tuingie sasa kwenye diski, maana hapo ndipo penye hatari.

Mpango wa RAID ulielezwa mwaka 1988 na watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: Patterson, Gibson na Katz. Katika RAID 5 yenye diski nne, kila fungu la data hugawanywa vipande vitatu, na kipande cha nne kinakuwa hesabu inayotokana na vile vitatu. Chukua namba 7, 4 na 9. Jumla yake 20. Andika kila namba kwenye diski yake, na ile 20 kwenye diski ya nne. Ikipotea diski yenye 4, unachukua 20, unatoa 7, unatoa 9, na 4 imerudi. Kontrola hutumia hesabu ya biti badala ya kujumlisha, na huzungusha nafasi ya jumla ili isikae diski moja daima, lakini mantiki ni hiyohiyo. Ndiyo maana seva yako inaendelea kutoa taarifa za mikopo ilhali diski moja haipo: kila kinachotakiwa kutoka diski namba 1 kinapigiwa hesabu upya palepale. Hiyo ndiyo maana ya "degraded". Data ipo yote. Kilichokosekana ni nafasi ya kukosea tena. Katika 7, 4, 9 na 20, ukipoteza mbili kwa pamoja hakuna hesabu duniani itakayokurudishia, na ndiyo sababu ushauri wa kuichomoa namba 3 ulinishtua.

Je, namba 3 yenyewe ina hali gani? Kila diski ina mfumo wa kujichunguza uitwao SMART. Kwa diski za SATA kama zako, kuna namba mbili za kuziangalia: ya 5, inayohesabu sekta (vipande vidogo vya diski) zilizoharibika ambazo diski imezihamishia sehemu ya akiba, na ya 197, inayohesabu sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanyie nini. Zikipita kiwango alichoweka mtengenezaji, tangazo la "predictive failure" linatoka. Lichukulie kwa uzito wake, bila kuliongeza wala kulipunguza. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha walichokiona katika diski zaidi ya laki moja: diski iliyoonyesha kosa lake la kwanza la usomaji ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko diski isiyo na kosa. Lakini hao hao walikuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili yoyote ya SMART. Kwa hiyo diski inayolalamika iamini, na iliyokaa kimya usiifanye dhamana.

Hapo nijibu swali lako la saa milioni moja na laki mbili. Ukigawanya kwa saa 8,760 za mwaka unapata miaka 137, na hakuna aliyewahi kukusudia hivyo. Ni wastani wa kundi: ukiwa na diski 1,000 zikifanya kazi mwaka mzima, tarajia kama saba zife. Tena hesabu hiyo inahusu muda ambao diski imekusudiwa kutumika, ambao kwa diski za seva kwa kawaida ni miaka mitano, sawa na waranti yake. Zako zimefika hapo. Isitoshe, diski nne zilizonunuliwa siku moja, zikapata joto lilelile na umeme uleule, huwa zinachoka kwa kufuatana. Namba 1 kufa na namba 3 kuanza kulalamika si bahati mbaya ya kushangaza.

Kazi ya kwanza basi ni bakapu, leo, kabla ya kuagiza chochote. Usianze na kunakili diski nzima. Anza na hifadhidata ya mfumo wa mikopo: itoe kwa njia ya mfumo wenyewe, iweke kwenye diski ya nje, kisha nakala nyingine ipeleke nje ya jengo. Baada ya hapo ndipo uchukue mafaili ya watu na yaliyobaki. Sababu ya mpangilio huo ni kwamba kila usomaji unaichosha namba 3, nawe hujui ina pumzi kiasi gani. Ikikata katikati, iwe imekata kwenye picha za mkutano mkuu, si kwenye daftari la akiba za wanachama. Halafu ifungue ile nakala kwenye kompyuta nyingine uone kama salio la mwanachama mmojawapo linasomeka. Bakapu ambayo haijawahi kufunguliwa siihesabu kuwa bakapu.

Nakala ikishafunguka vizuri, una njia mbili, na nitakuambia ninavyoziona.

Ya kwanza ni kubadilisha namba 1, ile iliyokufa, na kuiacha kontrola ijaze diski mpya kutoka kwenye zile tatu. Hali hiyo utaiona imeandikwa "rebuild". Ikikamilika na neno "optimal" likarudi, ndipo namba 3 nayo itolewe na kubadilishwa kwa utaratibu uleule. Faida yake ni kwamba wafanyakazi wanaendelea na kazi. Ubaya ni kwamba kujaza kunalazimu kusoma diski zote tatu zilizobaki, mwanzo hadi mwisho, TB 12 kwa jumla. Kwa mwendo wa MB 150 kwa sekunde, diski ya TB 4 inachukua si chini ya saa saba, na ikiwa watu wanatumia mfumo inaweza kupita siku nzima. Sasa tazama karatasi ya sifa za diski zako. Nyingi za kawaida za dukani huandikiwa kosa moja la usomaji katika kila biti 10¹⁴, ambazo ni TB 12.5. Unaona zilivyokaribiana. Za daraja la seva huandikiwa 10¹⁵, mara kumi zaidi. Hicho ni kiwango cha juu anachokubali mtengenezaji na mara nyingi diski hufanya vizuri zaidi ya hapo, lakini wewe tayari unayo moja inayokiri kuwa ina sekta mbovu.

Njia ya pili ni kutojaza kabisa: unanunua diski mpya, unaunda mpango mpya, na kurudisha data kutoka kwenye bakapu. Mfumo utasimama, labda wikiendi nzima, lakini hutegemei diski inayoyumba hata kidogo. Na kama ni mimi, mpango huo mpya usingekuwa RAID 5. Kwa diski kubwa namna hiyo ningeweka RAID 6, inayostahimili kupoteza diski mbili zozote, au RAID 10 ambayo ni nyepesi zaidi kwa hifadhidata.

Nichague? Hifadhidata ya SACCOS kwa kawaida si kubwa, inarudishwa kwa muda mfupi. Kama namba ya 197 ya diski 3 inapanda kila unapoitazama, nenda njia ya pili bila kusita. Kama imetulia na una nakala iliyofunguka, njia ya kwanza inakubalika, uianze Ijumaa jioni baada ya kufunga hesabu.

Onyo moja kuhusu diski utakayonunua. Ikiwa iliwahi kutumika kwenye seva nyingine, kontrola itaiita "Foreign", maana imebeba kumbukumbu za mpango wa huko ilikotoka, na itakuuliza kama uziingize au uzifute. Kwa diski hiyo moja mpya, ni kufuta. Lakini siku ukikuta diski zako zote za zamani zimeandikwa "Foreign", pengine baada ya kubadilishiwa kontrola, kufuta ni kuipoteza ramani inayoziunganisha. Na neno "initialize" usiliguse kwenye mpango wenye data, hata fundi aseme nini.

Uzito wa mfumo nao una maelezo, na hapa nakupa habari njema. Kontrola ina kumbukumbu yake ya kasi: data inayoandikwa inatua pale kwanza, kontrola inaijibu programu "nimepokea", kisha inaiandika kwenye diski kwa nafasi yake. Umeme ukikatika katikati, betri ndiyo inayoilinda data ambayo bado haijafika kwenye diski. Betri ikifa, kontrola haina tena ujasiri wa kusema "nimepokea" mapema, inangoja kila kitu kitue kwenye diski ndipo ijibu. Kwenye mipangilio utaona imetoka "write-back" kwenda "write-through". RAID 5 inayopiga hesabu za diski isiyokuwepo, ikiongezewa hilo, lazima iwe nzito. Badilisha betri na sehemu kubwa ya kasi itarudi. Kuna mipangilio ya kuilazimisha kontrola iendelee na kasi bila betri. Watu huipenda kwa sababu mfumo unachangamka saa ileile. Kwa umeme wetu huu unaokwenda na kurudi, unaweza kupoteza miamala ambayo mteja amekwishapewa risiti yake.

RAM ya A3 haipaswi kukunyima usingizi. Vijiti vya RAM vya seva kama yako vina ECC, yaani kwa kila biti 64 za data kuna biti 8 za ukaguzi, kwa hesabu iliyokua kutokana na kazi ya Richard Hamming wa Bell Labs aliyoichapisha mwaka 1950. Biti moja ikigeuka, inasahihishwa papo hapo na data inatoka safi. Zikigeuka mbili, mpango wa kawaida unagundua lakini hauwezi kusahihisha, na hapo seva husimama kuliko kutoa jibu la uongo. "Correctable" ni ile ya kwanza. Tangazo lako linasema tu kwamba masahihisho yamezidi kiwango. Google, katika uchunguzi mwingine wa mwaka 2009, walikuta karibu theluthi moja ya seva zao zikipata walau kosa moja la namna hiyo kwa mwaka, na kwamba makosa hayo hupenda kurudi kwenye kijiti kilekile. Kwa hiyo kijiti cha A3 kina uwezekano wa kuwa kinachoka, au hakijakaa vizuri kwenye sloti.

Dawa yake ni rahisi: siku seva itakapozimwa kwa kazi nyingine, hamisha kijiti cha A3 kwenye sloti nyingine na cha huko kilete A3. Kwenye RAM usibadilishe kitu kingine siku hiyo. Kosa likikifuata kijiti, kijiti kibovu. Likibaki A3, tatizo ni sloti au pini za prosesa. Seva za miaka ya karibuni zina uwezo wa kujitibu zinapowashwa, zikiacha safu mbovu ndani ya chipu na kutumia ya akiba, na logi yenyewe inaweza kukushauri uzime na kuwasha. Kwa RAM huo ni ushauri mzuri. Kwako leo ni mbaya, kwa sababu diski iliyozunguka miaka mitano bila kupumzika, ikizimwa ikapoa, huenda isiamke tena, nawe huna ya akiba. Diski kwanza, RAM baadaye. Ila neno likibadilika kuwa "uncorrectable", usingoje.

Ya pawa saplai nadhani unaweza kuimaliza mwenyewe. Tafuta kama kila "redundancy lost" inafuatiwa na tangazo la kurejea baada ya muda, na kama kando yake kuna maneno "input lost". "Input lost" maana yake umeme haukuingia. Pawa saplai yenyewe ni nzima. Rekebisha zile saa tatu, kisha linganisha na nyakati za umeme kukatika hapo kwenu. Zikioana, nyuma ya seva utakuta waya mmoja umechomekwa kwenye UPS na wa pili moja kwa moja ukutani. Kila TANESCO wakikata, pawa saplai ya pili inabaki bila umeme na seva inaripoti kwa uaminifu. Kama una UPS mbili, kila waya na yake. Kama unayo moja, ulivyo sasa si vibaya: UPS ikifa mchana, seva inabaki na umeme wa ukutani.

Ukiwa humo ndani ya ukurasa wa usimamizi, hakikisha nenosiri la kiwandani limebadilishwa na kwamba ukurasa haufikiki kutoka intaneti. Anayeingia hapo anaweza kuizima seva akiwa nchi nyingine.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayakufai na lazima mtu aje. Diski ikitoa mlio wa kugonga. Harufu ya kuungua. Seva kujizima yenyewe bila umeme kukatika. Au bakapu kushindwa kukamilika kwa sababu namba 3 haisomeki: hapo acha kujaribu tena na tena, kila jaribio linaimaliza. Mtaalamu wa kuokoa data anaweza kuinakili sekta kwa sekta kwa programu kama ddrescue, inayoanza na sehemu nzima na kurudia mbovu mwishoni. Na ikitokea diski ya pili imekufa kabla hujafanya lolote, zima seva, toa diski kwa mpangilio, kila moja ibandike karatasi yenye namba ya sloti yake, na usikubali mtu azirudishe kwa kubahatisha.

Kabla fundi yeyote hajagusa kitu, pakua logi nzima na uihifadhi. Wengine hubonyeza kuifuta ili taa irudi bluu, na ushahidi wote unakwenda nayo. Muulize swali moja tu kabla hajafungua boksi lake la bisibisi: "Unatoa diski namba ngapi, na kwa nini hiyo?" Akijibu namba 1, kwa sababu ndiyo iliyokufa, mkaribishe ndani.